Uhai wa Kubuni: Historia ya Kampuni Iliyofuga Viumbe Tarakilishini

Makala haya yanadhamiria kueleza historia ya kampuni moja ya Cambridge, Uingereza, ambayo katika miaka ya tisini ilijaribu kuugeuza uhai bandia kuwa mchezo wa nyumbani. Uhai bandia ni taaluma iliyoanza kujulikana kwa jina hilo mwaka 1987, Christopher Langton alipoandaa warsha huko Los Alamos, Marekani. Taaluma hii yafaa itofautishwe na akili bandia ya zama hizo. Mtaalamu wa akili bandia aghalabu alianzia juu kwa kuiandikia mashine kanuni za kufikiri. Mtaalamu wa uhai bandia huanzia chini: huunda vijenzi vidogo visivyojua lolote, kisha hungoja tabia izuke kutokana na mahusiano ya vijenzi hivyo.

Kampuni hiyo iliitwa Millennium Interactive. Mwaka 1996 ilitoa mchezo wa Creatures, uliobuniwa na Steve Grand. Mchezaji alipewa disketi yenye mayai sita. Yai lilipoanguliwa, alitoka kiumbe mwenye manyoya aitwaye norn, aliyeishi katika ulimwengu wa Albia. Norn hakuandikiwa orodha ya vitendo vya kufuata. Kilichoandikwa ni jeni zake, na jeni hizo ndizo zilizojenga ubongo wa nyuroni zipatazo 1,000 zenye miunganisho ipatayo 5,000, pamoja na kemikali zilizowakilisha njaa, uchovu na maumivu. Norn alipokula, kemikali ya njaa ilipungua na kitendo kilichomletea nafuu kikaimarika ubongoni. Mchezaji naye aliweza kumtekenya kama tuzo au kumchapa kama adhabu. Aidha, norn wawili walipozaana, mtoto alirithi mchanganyiko wa jeni zao, na pengine jeni iliyobadilika ambayo hakuna aliyeitarajia.

Kwa mwanafunzi wa lugha, suala la msamiati lina mvuto wa pekee. Norn alipokitazama kitu, mchezaji aliandika neno, na neno hilo likafungamana na kitu hicho. Mpira ukiitwa karoti, kwa norn huyo ulikuwa karoti hadi afundishwe vingine. Dai la Saussure kwamba uhusiano baina ya umbo la neno na dhana yake ni wa nasibu lilidhihirika hapo bila mhadhara.

Hata hivyo, maisha ya kampuni yenyewe hayakuwa marefu. Mwaka 1997 kitengo chake cha kutengeneza michezo kilinunuliwa na Sony. Waliosalia wakajiita CyberLife Technology na kutoa Creatures 2 mwaka 1998, kisha Creatures 3 mwaka 1999. Mwaka huohuo wa 1999 Grand aliondoka kwenda kufanya utafiti wake mwenyewe. Kampuni ikabadili jina tena na kuwa Creature Labs. Mnamo 2001 ilitoa Docking Station bure kupitia intaneti, ikitarajia kuuza nyongeza zake. Ilipofika 2003 ikafunga milango. Walioumba viumbe wa kujitafutia riziki walishindwa kuipata yao.

Norn, kwa upande wao, hawakuzikwa na kampuni. Wachezaji walikuwa wamezoea kupelekeana viumbe na jeni kwa intaneti, na wengine walibuni vizazi vipya. Mnamo 2021 michezo hiyo ilitolewa upya katika duka la mtandaoni la Steam.

Miongoni mwa wachezaji hao palizuka mgogoro mzito zaidi ya ule wa biashara. Mchezaji mmoja alitangaza kwenye tovuti yake kwamba huwatesa norn. Wenzake walighadhibika na kumwandikia barua kali. Je, walitetea uhai au tarakimu? Katika kitabu chake Creation cha mwaka 2000, Grand anashikilia kuwa uhai hauko katika maada bali katika ruwaza inayodumu hata maada yake inapobadilika. Mpinzani wake atajibu kwamba maumivu ya norn ni namba iliyopanda, na hakuna anayeumia.

Fasihi inaweza kusaidia kulipima suala hili. Msomaji humlilia mhusika wa riwaya akijua fika kwamba hajawahi kupumua. Lakini mwandishi wa riwaya hujua, au huamua, mwisho wa mhusika wake, na msomaji hawezi kumwongezea wala kumpunguzia siku. Muumba wa norn hakujua kiumbe wake angefanya nini kesho, na mchezaji aliweza kumlisha au kumnyima. Huzuni ya msomaji haimdai chochote. Mchezaji alikuwa na mkono katika yaliyompata norn, na ndiyo maana hata aliyesadiki kwamba norn si hai aliona haya kumtesa.