Mzigo wa Kifungua Mimba

Katika visiwa vya Samoa, kifungua mimba wa jamaa kubwa ni mlezi tangu utotoni. Yeye ndiye huwaogesha wadogo zake, huwapikia na kuwarudi wakikosa. Akikua, huenda akavuka bahari hadi New Zealand au Australia kutafuta kazi, na sehemu ya mshahara wake hurejea nyumbani kulipa karo na kugharimia mazishi, arusi na sherehe za kumtawaza mkuu wa jamaa, aitwaye matai.

Ajabu ni kwamba cheo hicho si haki ya kifungua mimba. Jamaa hushauriana na kumteua wamwonaye anafaa, kwani Wasamoa husema njia ya kufikia mamlaka ni utumishi. Hata hivyo, mtu aweza kutumikia miaka mingi na cheo kikamwendea nduguye.

Utumishi huo ni shule ya utu, hatukatai. Lakini mtoto anayesinzia darasani kwa kuwa alikesha akiwalea wadogo zake si mvivu. Mwalimu na amwulize kabla ya kumwadhibu, nao wazazi wawagawie wadogo kazi. Ukimya wake usitudanganye: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.