Samaki wetu wanakula nini?

Wengi wanapita mbele ya laboratwari wanauliza kwa nini sasa ni marufuku kutupa mkate ndani ya akwariamu. Tena wanaona ile ndoo yenye kufunikwa na chandarua nyuma ya jiko, wanacheka, wanasema makapita wanafuga mbu. Ni kweli, tunafuga. Tupeni nafasi tuwaeleze.

Katika muhula wa pili samaki wadogo 11 walikufa kwa siku nne. Walizaliwa humohumo ndani ya kioo, na sisi wa darasa la sita tulikuwa tumefurahi sana juu yao. Makapita tukatafuta mkosaji. Tukamshika mtoto mmoja wa darasa la kwanza ambaye alinawa mikono karibu na pale, tukasema ni sabuni yake, tukampa azabu ya kukata majani siku tatu. Kumbe hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mkate, na mkate ule tulikuwa tunautupa sisi wenyewe kila saa ya pumziko.

Namna gani mkate unaua? Samaki mchanga hajui kama kitu kisichotembea ni chakula. Anangoja kitu kirukeruke mbele ya jicho lake, ndipo anafungua kinywa. Mkate unashuka chini, unaoza. Vijidudu vyenye kuuozesha vinamaliza oksijeni, na uozo unaleta amonia. Tena maji yetu tunachota ziwani, na maji ya Tanganyika ni ya alkali, pH yake ni karibu 9. Wale wa biolojia-kemia wanajua: katika maji ya namna hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inageuka sumu. Tungetumia maji ya mto, pengine wangepona wawili watatu.

Mule ziwani hakuna mtu wa kutupa mkate. Ndagala wanakula vidudu vidogo vyenye kuelea, ambavyo mchana vinashuka penye giza na usiku vinapanda juu. Ndiyo maana wavuvi wetu wanawasha taa: vidudu vinafuata mwanga, ndagala nao wanafuata.

Basi tukaanza kutafuta vidudu. Katika shimo la maji yaliyosimama, pasipo samaki, kuko dafnia, kama viroboto vyeupe vyenye kurukaruka. Tunachuja na kitambaa chepesi, tunatazama vizuri tusilete mabuu ya kereng'ende, kwa maana hayo yanakula watoto wa samaki. Dafnia asiyeliwa leo anaogelea mpaka kesho, haozi. Lakini mwingi mno ni kosa vilevile, naye anapumua oksijeni ileile.

Chakula cha pili ni mabuu ya mbu, na hapa tunaomba usikivu. Ndoo ikisahauliwa siku saba au kumi, mbu wanaruka moja kwa moja mpaka dortwari. Kwa hiyo chandarua, na kila siku ya pili kuchuja yote, bila kukosa. Mukitazama mutaona mengine yananing'inia kichwa chini. Yale yenye kulala sambamba chini ya uso wa maji ni ya anofele, mbu wa malaria. Samaki hachagui.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wenye kufuga samaki wa bahari ndani ya nyumba, pamoja na matumbawe hai. Taabu yao inapita yetu. Farasi wa bahari mara nyingi anakataa kitu kilichokufa, hata akilala njaa. Wao wanatumia artemia, mdudu wa maji ya chumvi. Mayai yake mengi yanatoka katika ziwa la chumvi la Utah, Marekani. Yakikauka yanalala miaka ndani ya kopo, yakitiwa katika maji ya chumvi yenye joto yanaanguliwa kwa siku moja au moja na nusu. Mtoto wake hafiki nusu milimeta, naye anazaliwa na akiba ya chakula mwilini. Lazima apewe samaki upesi, maana akiba ikiisha, samaki anakula ganda tupu. Akikawia, kwanza wanamlisha huyo artemia mwenyewe. Sisi hatujapata kopo hilo, lakini tumejifunza jambo: dafnia wetu tunawaweka kwanza siku moja katika maji ya kijani, washibe.

Yule mtoto wa darasa la kwanza tulimwomba musamaha mbele ya darasa lake. Alituuliza kama zile siku tatu za majani tutamrudishia. Hatukuwa na jibu. Sasa ni yeye anachunga ndoo, na mpaka jana samaki wapya tisa wako wazima. Sisi tunatoka kisha Examen d'État. Wenye kutaka kumsaidia wamwone saa ya pumziko, kila mtu na kikombe chake.