Gemu la kompyuta lamsaidia mgonjwa wa akili, lakini dawa asiache

Na Mwandishi Wetu, Merrylands, Sydney

Wazazi wengi wa Kiafrika hapa Merrylands, magharibi mwa jiji la Sydney nchini Australia, wanaliona gemu la kompyuta kuwa ni mwizi wa usingizi na masomo ya watoto wao. Huenda wakashangaa kusikia kwamba baadhi ya madaktari wa Ulaya wamewapa wagonjwa wa akili magemu ili yawasaidie kupata nafuu.

Katika hospitali ya jeshi mjini Berlin, wanajeshi 40 wa Ujerumani waliorudi kutoka vitani wakiwa na kiwewe waligawanywa makundi mawili. Wote walipewa tiba ya kawaida ya kiwewe. Nusu yao waliongezewa saa moja kila siku ya kucheza Tetris, lile gemu la kupanga matofali yanayodondoka, lililobuniwa Moscow mwaka 1984. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka ukubwa kwa waliocheza, na kadiri ilivyoongezeka ndivyo walivyozidi kupata nafuu baada ya tiba kwisha.

Nchini Uingereza, daktari Julian Leff alibuni kitu kinachofanana na gemu kwa ajili ya watu wanaosikia sauti vichwani mwao, wengi wao wagonjwa wa skizofrenia. Mgonjwa huitengenezea sauti hiyo uso kwenye kompyuta. Kisha daktari, akiwa chumba kingine, huzungumza kupitia uso huo kwa sauti iliyobadilishwa, akitamka matusi yale yale ambayo mgonjwa huyasikia kila siku. Mgonjwa hufundishwa kujibu. Polepole ule uso hulegea na kumkubali.

Kwa msomaji wa pwani jambo hili si geni sana. Katika kupunga pepo, mganga humwuliza pepo jina lake na anachotaka, naye hujibu kwa kinywa cha mgonjwa. Tofauti ni kwamba London mgonjwa mwenyewe ndiye anayefundishwa kumkatalia.

Wagonjwa 150 walishiriki katika jaribio la London lililotangazwa mwaka 2017. Hao ni watu ambao sauti ziliendelea kuwasumbua ingawa walikuwa wakitibiwa. Baada ya wiki 12, waliotumia kompyuta walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata ushauri nasaha tu. Wiki ya 24 ilipofika, tofauti kati ya makundi hayo haikuonekana tena.

Kwa hiyo tusishangilie mapema. Wazazi nao hawajakosea kabisa, kwani Shirika la Afya Duniani limeutia uraibu wa magemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022.

Hofu yangu ni nyingine. Katika jamii zetu hizi za Wakongomani, Warundi na wengineo tuliokimbia vita na dola, mgonjwa wa akili bado anafichwa chumbani, wageni wakija wanaambiwa amelala. Nyumbani Afrika wanapigiwa simu watafute mganga. Siku kijana akianza kucheka na wenzake mbele ya gemu, kuna ndugu atakayesema: amepona, vidonge vya nini tena? Mgonjwa wa skizofrenia akikatishwa dawa ghafla, sauti hurudi, mara nyingi kwa ukali zaidi. Wanajeshi wa Berlin walicheza huku wakitibiwa.

Anayetaka msaada Sydney anaweza kwenda STARTTS, shirika linalowahudumia wakimbizi walioteswa na wenye kiwewe tangu 1988, lenye ofisi kuu Carramar. Simu ya afya ya akili ya jimbo la New South Wales ni 1800 011 511, hupokelewa saa 24. Asiyejua Kiingereza apige 131 450, aombe mkalimani wa Kiswahili.