Sumaku Inayozaa Baridi

Mtu wa Nyeri hafunzwi baridi. Julai ukungu ukishuka kutoka Aberdare, sweta haivuliwi hata adhuhuri. Juu ya Mlima Kenya, mita 5,199, maji huganda usiku, ingawa ikweta inapita Nanyuki.

Lakini baridi ina kikomo chake: nyuzi 273.15 chini ya sifuri. Ukianza kuhesabu hapo, kwa kipimo cha kelvini, maji yanapoanza kuganda bado yana kelvini 273. Kuna jokofu dogo linalofikia kelvini 0.05, na kinachofanya kazi hiyo ni chumvi na sumaku.

Chukua ukanda wa mpira, uuvute ghafla, uguse mdomo nao: una joto. Ushikilie hivyo hadi upoe, kisha uuachie: sasa ni baridi. Chumvi ya jokofu hili hufuata kanuni hiyo. Ndani yake mna atomu ambazo kila moja ni kisumaku, zimetazama huku na huko. Sumaku kubwa ikiwashwa, zinajipanga na chumvi inapata joto, ambalo huondolewa na kipoozeo kingine. Kisha chumvi hutengwa na nguvu ya sumaku hupunguzwa. Atomu zinapovuruga mistari yake, hunyonya joto la chumvi yenyewe.

Wanasayansi Debye na Giauque walilifikiria jambo hili mwaka 1926, kila mtu kivyake. Mwaka 1933, huko Berkeley, Giauque na mwenzake MacDougall walifika kelvini 0.25.

Kwa kuwa chumvi haihitaji pampu wala mvutano wa dunia, jokofu hili hufaa angani. Na hapo Kenya inaingia. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo tulikuwa tukiadhimisha uhuru wetu.

Mmoja wa warithi wake, XRISM ya Japani na Marekani, ilipaa Septemba 2023. Hupima joto dogo ambalo chembe moja ya eksirei huacha kwenye kihisi. Kihisi chenye joto ni kama soko la Karatina siku ya soko: mnong'ono hausikiki. Ndiyo maana hupoozwa na jokofu la chumvi hadi kelvini 0.05.

Mwalimu wa fizikia, kesho ingia darasani na ukanda wa mpira. Anayeugusa mdomoni ameshaanza safari hiyo.