Tawakkul na Utulivu wa Moyo

 

Hapa kwetu yapo maneno mawili yasiyotutoka mdomoni: "Ajali haina kinga" na "Kazi ya Mungu haina makosa." Tunayasema msibani, tunayasema shambani, hata gari inapotuharibikia njiani. Ni maneno mazuri. Lakini mmoja huyasema akapata utulivu, na mwengine huyasema huku moyo wake unawaka. Tofauti yao iko wapi?

Twendeni Jozani tukatafute jawabu. Atokaye mjini kwenda Paje au Makunduchi hupita katika msitu ule, kiasi cha kilomita 35 kutoka Mji Mkongwe. Mkulima wa pembezoni mwake analima penye mawe. Udongo ni haba, na mvua ikichelewa mche unakauka. Juu ya hayo yuko kima punju, mnyama ambaye asili yake ni hapa hapa Zanzibar na bara hayupo. Analindwa na sheria, na msitu wenyewe tangu mwaka 2004 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Basi mkulima anamwona kima juu ya mnazi wake anatafuna vidaka, wala hana la kumfanya. Usiku anajilaza, lakini usingizi hauji. Anahesabu. Kila kidaka kilicholiwa kwake ni nazi iliyopotea.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walikwenda kuhesabu vidaka vinavyoliwa na nazi zinazovunwa katika mashamba ya huko. Mwaka 1999 walichapisha waliyoyaona: minazi iliyoliwa vidaka vingi haikutoa nazi chache. Kinyume chake, mavuno yake yalielekea kuwa mazuri. Mnazi wenyewe huangusha vidaka vingi kabla havijakomaa, na huenda kima alikuwa akiupunguzia mzigo, kama mkulima anavyopunguza miche iliyosongamana.

Sisemi kwamba mkulima hana hasara. Yapo mazao mengine yanayoliwa na wanyama, na hasara yake ni hasara ya kweli. Ninachosema ni kwamba sehemu moja ya yale yaliyomnyima usingizi haikuwa hasara hata kidogo. Qur'ani inatufundisha, katika Suratul Baqara, kwamba mtu huweza kulichukia jambo na kumbe lina kheri naye. Hesabu yetu ni fupi. Tunaona kidaka, hatuoni mkungu mzima.

Lakini hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tukisikia habari ya kumwachia Mungu, tunadhani maana yake ni kukaa kitako. Sivyo. Imepokewa kwamba bedui mmoja alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake ndipo atawakali, au amwache huru atawakali. Akaambiwa amfunge kwanza. Kufunga kamba ni kazi ya mja. Yanayotokea baada ya kamba kufungwa ni ya Mola wake.

Watu wa Jozani waliifunga kamba. Wenye mashamba walijikusanya wakadai haki yao, na sehemu ya fedha zinazolipwa na wageni ikaanza kurudi kwa wakulima na vijiji vinavyouzunguka msitu. Kima walipokuwa wakigongwa na magari barabarani, haikusemwa waachwe tu kwa kuwa siku zao zimefika. Yaliwekwa matuta, magari yakapunguza mwendo, na vifo vikapungua.

Kama ni hivyo kwa kima, itakuwaje kwa binadamu? Tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake. Siku zile tulilisikia tena lile neno letu, ajali haina kinga. Ndugu zangu, ajali haina kinga, lakini uzembe unayo. Kifo ni qadari. Kujaza meli kupita kiasi ni kazi ya mikono ya watu, na aliyeijaza hana ruhusa ya kujificha nyuma ya jina la Mungu.

Na yule aliyefiwa je? Wako waliobaki bila hata maiti wa kumzika. Kwao huwezi kusema "subira" ukaondoka. Kujisalimisha si kuzuia machozi. Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni nabii. Mtume wetu alimlilia mwanawe Ibrahim. Jicho hulia, lakini ulimi haumteti Mola. Hiyo ndiyo subira. Ridhaa huja baadaye, polepole, siku moyo unapoacha kuuliza "lau ningemzuia asisafiri." Hilo "lau" ndilo linalotafuna. Aliyefanya lake akaikabidhi "lau" yake kwa Mungu, huzuni hubaki, lakini vita vya ndani hupoa.

Basi jawabu la swali letu ni hili. Kila jambo lina mafungu mawili: fungu la mja na fungu la Mola. Moyo huchafuka pale tunapoliacha fungu letu, kisha tukajitwika la Mungu. Hatupandi kwa wakati, halafu tunakesha kwa khofu ya mvua. Hatuhesabu abiria, halafu tunaomba bahari itulie.

Leo usiku, kabla hujalala, jiulize: katika hili linalonisumbua, langu ni lipi? Kama hujalifanya, azimia kulifanya kesho. Kama umeshalifanya, ngamia amefungwa. Zima taa, ulale.

Wabillahi tawfiq.