Mjinga Akierevuka: Wahubiri wa Televisheni na Wanaowakejeli

Tangu zamani watu wametoa sadaka, na tangu zamani pia wametokea wajanja wa kuila. Lakini sadaka ya kijijini ina mlinzi wake. Mtoaji humjua mpokeaji. Huijua nyumba yake na jamaa zake. Bati jipya likionekana juu ya nyumba ya mchungaji, ilhali paa la kanisa linavuja, hapana asiyeliona, na maswali huanza kisimani kabla ya kufika kwa wazee.

Televisheni ilimwondoa mlinzi huyo. Mhubiri wa kwenye kioo huingia sebuleni kila jioni, huwaita watazamaji wapenzi wake, hulia machozi mbele yao na kuwaombea. Walakini wao hawamjui, wala yeye hawajui. Wao huona uso wake. Yeye huona hesabu ya barua zao na ya fedha zilizomo.

Kwa sababu hiyo kazi ya kumchunguza imeangukia watu ambao hawakutazamiwa kuifanya: watunzi wa riwaya, wachekeshaji, waigizaji, na hata fundi wa kiinimacho. Kwa karibu miaka 100 wamewakejeli wahubiri wanaofanya dini kuwa biashara. Inafaa basi kuuliza kicheko hicho kimemsaidia nani, na kwa kiasi gani.

RIWAYA NA FILAMU

Mwaka 1927, kabla televisheni haijaingia majumbani, mwandishi wa Marekani Sinclair Lewis alitoa riwaya iitwayo Elmer Gantry. Mhusika wake ni mhubiri mlevi, mpenda wanawake na mpenda vyeo, ambaye sauti yake tamu inampandisha mahali ambapo matendo yake yasingemfikisha. Kitabu hicho kilipigwa marufuku mjini Boston. Mwaka 1960 kilitengenezewa filamu, na Burt Lancaster aliyeigiza nafasi ya mhubiri huyo alipata tuzo ya Oscar.

Lewis alimchora mtu mwovu. Mwaka 1972 ilitokea filamu ya namna nyingine, Marjoe, ambayo haikuwa ya kuigiza. Marjoe Gortner alifanywa mhubiri akiwa mtoto wa miaka 4 hivi. Alipokuwa mtu mzima, na imani ikiwa imemtoka, aliwaruhusu wapiga picha wamfuate katika safari yake ya mwisho ya mahubiri. Jukwaani aliimba, aliruka na kuwawekea watu mikono; chumbani alihesabu noti juu ya kitanda na kueleza jinsi umati unavyochochewa. Filamu hiyo nayo ilipata Oscar.

Mtu aliyesoma riwaya ya Lewis aliweza kujifariji kwamba mhubiri wake si kama Gantry. Aliyeitazama Marjoe alionyeshwa kazi yenyewe inavyofanywa, hatua kwa hatua, na faraja hiyo haikumjia kwa urahisi.

WANJA NA VYUMBA

Katika miaka ya 1980 Jim Bakker na mkewe Tammy Faye walikuwa miongoni mwa wahubiri wa televisheni mashuhuri sana nchini Marekani. Kituo chao kilirusha vipindi kwa setilaiti, nao walijenga Heritage USA, mahali pa ibada na starehe katika jimbo la South Carolina, palipotembelewa na watu karibu milioni 6 mwaka 1986. Machi 1987 Bakker alijiuzulu kwa fedheha, na wachekeshaji wakapata karamu. Katika kipindi cha Saturday Night Live mume na mke waliigizwa wakihojiwa na bibi mmoja mcha Mungu wa kupita kiasi. Nchi nzima ilicheka wanja mzito wa Tammy Faye, uliochuruzika mashavuni kila alipolia, na ikacheka habari ya kibanda cha mbwa kilichotiwa mashine ya kupoza hewa.

Wanja, hata hivyo, haukumwibia mtu. Jambo lililompeleka Bakker mahakamani lilikuwa hesabu ya vyumba. Watazamaji waliombwa kutoa dola 1,000 kila mmoja, na kwa malipo hayo waliahidiwa kulala usiku 3 kila mwaka, maisha yao yote, katika hoteli ya mahali pale. Ahadi hiyo iliuzwa kwa maelfu ya watu, kupita kabisa uwezo wa vyumba vilivyokuwapo. Wengi wa walionunua walikuwa wazee na watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 1989 Bakker alipatikana na hatia kwa mashtaka 24 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 45. Baadaye adhabu ilipunguzwa, akatoka mwaka 1994. Wachekeshaji walishika kilichong'aa, na ilibaki kazi ya wanahesabu na waandishi wa habari kukishika kilichofichwa.

SAUTI MASIKIONI

Mfano wa kejeli iliyolenga penyewe ulitolewa na James Randi, fundi wa kiinimacho. Mhubiri Peter Popoff alikuwa akiwaita wagonjwa katikati ya umati kwa majina yao, akitaja mitaa wanayokaa na maradhi yanayowasumbua, kana kwamba ameyapata kwa ufunuo. Randi, ambaye maisha yake yote alipata riziki kwa kuwadanganya watu kwa hiari yao, aliitambua hila ya fundi mwenzake. Wasaidizi wake walileta chombo cha kunasa mawimbi ya redio, wakasikia sauti ya mke wa mhubiri kwenye megahezi 39.17. Alikuwa nje ya ukumbi, akisoma kadi ambazo wagonjwa wenyewe walikuwa wamezijaza kabla ya ibada, na maneno yake yakifika kwenye kifaa kidogo sikioni mwa mumewe.

Mwaka 1986 Randi alionyesha picha hizo pamoja na sauti iliyonaswa katika kipindi cha mchekeshaji Johnny Carson. Mwaka uliofuata Popoff alitangaza kufilisika. Mwaka 1992 hila ya namna hiyo iliingizwa katika filamu ya Leap of Faith, Steve Martin akiwa mhubiri mwenye kisikizi sikioni.

Hadithi ingeishia hapo, kicheko kingestahili sifa zote. Lakini Popoff alirudi kwenye televisheni, safari hii akigawa vipakiti vya maji ya muujiza kwa njia ya posta. Maji yalikuja bure. Barua zilizoyafuata ndizo zilizoomba fedha. Bakker naye alirudi, na mwaka 2020 serikali ya jimbo la Missouri ilimshtaki kwa sababu ya dawa ya madini ya fedha iliyotangazwa katika kipindi chake wakati wa ugonjwa wa korona. Mwaka 2021 shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano, na wanunuzi wakarudishiwa fedha.

Sababu ya kurudi kwao si ngumu kuieleza. Waliocheka hawakuwa wale waliotuma fedha. Aliyecheka alikuwa mzima, ameshiba, na hakumhitaji mhubiri. Aliyetuma alikuwa na mtoto mgonjwa, au deni, au mume aliyeachishwa kazi, na mfa maji haachi kutapatapa.

JIRANI NA NYUMBANI

Hakuna haja ya kuvuka bahari ili kuliona jambo hili. Novemba 2014 kipindi cha Jicho Pevu cha kituo cha KTN, Kenya, kilionyesha jinsi mhubiri mmoja wa Nairobi alivyotumia dawa ya pamanganeti kuyageuza maji ya kuoshea miguu yawe kama damu, huku waumini wakihimizwa kupanda mbegu ya shilingi 310. Siku chache baadaye namba 310 ilikuwa mzaha katika mabasi na maofisi. Mzaha ulienea, mahubiri nayo yaliendelea.

Mwaka 2015 mchekeshaji John Oliver alijaribu njia nyingine. Kwa miezi 7 aliandikiana barua na ofisi ya mhubiri Robert Tilton: alituma jumla ya dola 319, akapokea barua 26, nyingi zikiomba zaidi. Kisha alisajili kanisa lake mwenyewe, bila taabu kubwa, ili kuonyesha jinsi sheria ya kodi ya Marekani ilivyo na mlango mpana. Alilifunga mwezi uliofuata, na michango iliyokuja akawapa madaktari wa msaada. Hapo kejeli ilimwacha mtu ikaielekea sheria, nayo ni hatua mbele.

Ni haki kusema pia kwamba chombo chenyewe hakina dhambi. Billy Graham alihubiri kwenye televisheni tangu miaka ya 1950. Lakini mapema, mwaka 1948, yeye na wenzake walikuwa wamepatana juu ya mwenendo wao kuhusu fedha, naye alilipwa mshahara uliowekwa badala ya kuchukua sadaka za mikutano. Mhubiri mwaminifu haogopi daftari la hesabu.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwa mwenye nyumba, funzo la mambo haya laweza kuwekwa kwa maswali machache. Je, fedha inayoombwa ni ya kazi inayotajwa na inayoweza kuonekana? Je, hesabu hutolewa kwa waliochanga? Je, mgonjwa anaambiwa aache dawa za hospitali? Je, mtoaji anahimizwa kutoa ada ya watoto, au kukopa, kwa ahadi kwamba itarudi maradufu? Jibu baya kwa swali moja tu latosha kufunga mkoba.

Liko na jambo la mwisho, ambalo wachekeshaji hawakulifikiria vya kutosha. Mama aliyetuma fedha ya matumizi kwa mhubiri wa kwenye kioo akichekwa na watoto wake, hatamwacha mhubiri huyo. Atamrudia, kwa kuwa huko hachekwi. Anahitaji mtu wa kuketi naye, kumsikiliza shida iliyompeleka huko, kumsindikiza hospitali, na kumwonyesha bila haraka jinsi kadi zinavyosomwa na maji yanavyotiwa rangi. Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Hawakusema mjinga akichekwa.