Msimamizi wa Zamu katika Kiwanda cha Chai: Kazi Yake ni Ipi?

Lori la majani mabichi likishaondoka kwenye kituo cha kununulia jioni, mkulima huhesabu kilo zake na kwenda nyumbani. Kiwandani ndipo kazi inapoanza, na anayeibeba usiku huo ni msimamizi wa zamu. Vijana wengi wanaoomba kazi katika viwanda vya chai vya Kaunti ya Nyamira hudhani huyu ni mtu wa kutembea akiwafokea wenzake. Sivyo.

Kazi yake kubwa ni kulinda muda. Jani lililochumwa bado liko hai. Linapumua na kutoa joto. Likirundikwa huwa jekundu, na chai yake hushuka thamani hata kama lilichumwa vizuri, majani mawili na kichipukizi. Kwa hivyo hutandazwa juu ya vitanda virefu vya wavu, feni zikipuliza hewa kutoka chini, linyauke kwa saa 12 hadi 18 hivi. Halafu hupitishwa kwenye mashine ya kukata, yenye rola za chuma zenye meno. Likishakatwa huachwa lichachuke, mara nyingi kwa saa moja hadi saa moja na nusu, mpaka rangi ya kijani igeuke ya shaba. Muda ukizidi, chai hupooza. Ukipungua, hubaki na ukakasi. Ndipo hukaushwa hadi unyevu ufike karibu asilimia 3.

Stima ikipotea katikati ya haya, chai iliyokatwa haisubiri. Msimamizi huamua papo hapo: jenereta iendeshe mashine ipi kwanza, na ukataji usimame au la. Kikaushio hakiachwi bila mtu, kwa maana chai iliyokwama ndani kwenye joto inaweza kushika moto. Uamuzi wa dakika hizo unaweza kuharibu majani ya mamia ya wakulima, na bonasi yao imo humo.

Saa ya hatari ambayo watu hawaifikirii ni ile ya kubadilishana zamu. Anayetoka amechoka, anayeingia hajajua lolote. Kama rola imeanza kupata joto, au kinga ya mkanda imefunguliwa kwa matengenezo na haijarudishwa, habari hiyo isipoandikwa kwenye daftari la zamu itapotea. Msimamizi mzuri haridhiki na daftari peke yake. Wawili hao hupita pamoja kwenye mashine, mmoja akionyesha, mwingine akiuliza.

Mikono mingi huumia wakati wa kusafisha, si wakati wa kukata. Mtu huona majani yamekwama, akaona ni jambo la sekunde moja. Utaratibu ni kuzima swichi kuu, kuifunga kwa kufuli, na ufunguo kukaa na yule anayesafisha. Msimamizi anayeruhusu njia ya mkato kwa sababu majani ni mengi hajaokoa muda wowote.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake anapoona hatari kubwa, na mwajiri hawezi kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Ajali iliyoua lazima iripotiwe kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo katika muda wa saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate katika siku 7. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, hata msimu wa majani mengi.

Ukiumia ukiwa zamu, hata kama ni jeraha dogo, mwambie msimamizi wako na uhakikishe limeandikwa kwenye daftari la ajali, pamoja na tarehe na saa, kabla ya zamu kubadilishana.